Watu Sifuri, Ghala la Nne

Kadi zilipokuja, watu walizipigia makofi. Hilo lisemwe mwanzo kabisa, maana baadaye kila mtu alijidai alizishuku tangu siku ya kwanza, na huo ni uongo mtupu. Asubuhi ile ya Februari mwaka wa 1998, wafanyakazi sitini na wawili wa kampuni moja ya nafaka katika Eneo la Viwanda walipanga foleni kama watu wanaoenda arusini. Wanawake walikuwa wamesuka nywele upya, wanaume wameazimana tai. Wakapigwa picha mmoja mmoja mbele ya shuka jeupe, na baada ya wiki mbili kila mmoja akakabidhiwa kadi ngumu ya plastiki yenye sura yake, jina lake, na kipande cha rangi ya dhahabu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Nabwire, karani wa kuhesabu magunia, alirudi kwake Ziwani akiwa ameining'iniza shingoni juu ya sweta ili majirani waione vizuri. Mumewe Opicho aliigeuzageuza kwenye mwanga akauliza kama dhahabu ile inabandukika.

Meneja wa maghala aliitwa Mativo, mtu nadhifu, aliyependa mashine kuliko watu. Siku ya kugawa kadi alipanda juu ya meza.

"Kadi hii ina akili," alisema. "Tena wengine wenu imewashinda."

Watu wakacheka kwa shingo upande. Akawaeleza kwamba kila mlango sasa una kijisanduku nje na kingine ndani. Ukiingia unachomeka kadi, mashine inajua umeingia. Ukitoka unachomeka tena, mashine inajua umetoka. Bila kadi mlango haufunguki, uwe nje au uwe ndani. Kompyuta ya ofisini kwake nayo haikuamka mpaka achomeke kadi yake mwenyewe, na akiichomoa inalala, hakuna mwingine wa kuiamsha. Humo ndani angeona kila ghala lina watu wangapi.

"Ghala la Kwanza, watu wanne. Ghala la Pili, watu sifuri," alisema, uso ukimng'aa. "Sihitaji hata kuinuka kwenye kiti."

Meneja wa maghala asiyehitaji kuinuka ni mtu wa kuogopwa. Lakini nani angemwambia, na wote walikuwa wakizipapasa kadi zao?

Kabla ya hapo kazi ya kujua nani yuko ndani ilikuwa ya Mzee Odero, mtunza ghala. Gesi ya kuua fukusi ilipokaribia kufunguliwa, Odero alipita kila ghala akigonga debe kwa nati kubwa, akizunguka marundo ya magunia moja baada ya jingine na kuita watu kwa majina. Kuitika hakukutosha. Ulitakiwa utokeze mbele yake akuone kwa macho, ndipo aende kwa jina linalofuata. Shughuli hiyo ilimchukua karibu saa nzima na ilimchosha kila mtu. Kadi zilipokuja alistaafishwa, akapewa blanketi na saa ya ukutani, na hakuna aliyelia.

Aliyepata shida mapema alikuwa Ruqiya. Huyu alikuwa mchambuzi wa maharagwe, msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Kiamaiko. Marehemu baba yake alikuja kutoka Isiolo na mbuzi zamani, akawauza katika soko la Kiamaiko, na kaka yake Mursal huuza mbuzi soko lile lile hadi leo. Ruqiya hakuacha sala. Enzi za Odero alisali adhuhuri ndani ya Ghala la Nne, nyuma kabisa, ambako magunia matupu yalikunjwa safi na hapakuwa na lori wala vumbi wala macho ya wapakiaji. Odero alimwachia mlango wazi, akaondoka zake. Sasa kadi za wachambuzi zilifungua geti na ukumbi wa kuchambulia tu. Alikwenda kwa Mativo kumwomba mahali pa kusalia, hata kona.

"Hii ni ghala, si msikiti," Mativo alimjibu bila kuondoa macho kwenye kompyuta. "Nyumbani kwenu hakuna mkeka?"

Ruqiya alitoka pale akimeza machozi, akamkuta Nabwire kwenye mizani. Wawili hao walipatana tangu siku Ruqiya alipoajiriwa, ingawa mmoja alikuwa mama wa miaka thelathini na sita kutoka Samia, mwimbaji wa kwaya, na mwenzake bado hajaolewa. Kadi ya Nabwire ilifungua maghala yote manne, kwa kuwa alipaswa kuhesabu magunia kote.

"Mama Mitchelle, mimi nitasali wapi sasa?"

"Wacha kulia kama mtoto. Kadi yangu ni ya nini?"

Ndivyo ulivyoanza mpango wao. Saa saba na dakika tano, watu wakiwa wamekazana na foleni ya githeri, Nabwire alichomeka kadi, mlango ukafunguka, wakaingia wote wawili wakibanana. Ruqiya akaenda nyuma ya magunia. Nabwire akachomeka kadi kwenye kijisanduku cha ndani na kutoka peke yake, ili asionekane amezubaa ghalani saa ya chakula. Baada ya dakika kumi alirudi, akaingia, wakatoka wote kwa kadi moja. Mashine yenye akili haikuona mwanamke wa pili hata siku moja. Ilihesabu kadi, na kadi ilikuwa moja.

Nabwire ndiye aliyemfundisha jambo jingine. Alimwambia, "Ukisikia mtu mlangoni, nyamaza kabisa. Usikohoe. Ungoje mpaka nije mimi." Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Aprili alikuwa ameandikiwa barua ya onyo kwa kuchelewa siku tatu, na barua ya pili ilimaanisha nyumbani. Opicho alikuwa kibarua wa mjengo, leo yupo kesho hayupo. Nyumba nzima ilimtegemea Nabwire, na Nabwire aliitegemea ile kadi.

"Na mimi uniombee huko ndani," alimtania mwenzake siku moja. "Mwambie Mungu nataka nyumba Buruburu, yenye choo ndani."

"Nimemwambia. Amesema upunguze mdomo kwanza."

Walicheka mpaka mpishi akawatolea macho. Miezi minne ilipita hivyo, na hawakukosea hata mara moja.

Mwaka huo mvua za El Nino zilikuwa zimelowesha nafaka ya nchi nzima, na fukusi walikuwa wamenona. Katikati ya Juni Ghala la Nne lilipangiwa gesi. Miaka yote Nabwire aliyofanya kazi pale, mambo yalikwenda kwa utaratibu mmoja. Alhamisi madirisha hubandikwa karatasi na gundi, na Jumamosi mchana, watu wakishaenda makwao, gesi hufunguliwa kupitia bomba la ukutani. Kwa hiyo alipoona madirisha yamebandikwa Alhamisi, hakushtuka. Gesi ni Jumamosi. Alikuwa na uhakika huo kama alivyokuwa na uhakika kwamba Jumapili ni kanisani.

Ila wiki hiyo wenye gesi, mafundi wa kukodiwa, walikuwa na kazi Thika siku ya Jumamosi, wakaomba kazi hii waifanye Ijumaa saa ya chakula. Mativo akakubali. Aliandika tangazo kwenye kompyuta, akalituma kwa kompyuta nyingine tatu za ofisini. Zamani tangazo kama hilo lilikuwa mdomo wa Odero. Sasa liliwafikia makarani watatu wa hesabu ambao hawakuwahi kukanyaga ghala hata kwa bahati mbaya.

Ijumaa hiyo, saa saba na dakika tano, Nabwire alimfungulia Ruqiya kama kawaida.

"Fanya haraka leo, njaa inaniua."

"Mungu haharakishwi, Mama Mitchelle," Ruqiya alisema, akavua viatu na kuvibeba mkononi kwenda nyuma ya magunia.

Nabwire akachomeka kadi, taa ya kijani ikawaka, akatoka. Mashine ikaandika: ameingia mmoja, ametoka mmoja, watu sifuri.

Dakika tano baadaye Mativo alitazama kompyuta yake. Ghala la Nne, sifuri. Akatoa karatasi ya kuthibitisha, akaipiga muhuri na kuwapa wenye gesi, akauzuia mlango ule kwa kompyuta usifunguke kwa kadi yoyote ya kampuni, kisha akachomoa kadi yake, akaitia mfuko wa shati na kwenda kula kuku hotelini Jogoo Road. Wenye gesi waliugonga mlango uliofungwa wakaita mara mbili, "Kuna mtu?" Nyuma ya magunia, Ruqiya alifanya alivyofundishwa. Wakauvuta mlango kuhakikisha umefungwa, wakauziba kwa utepe, wakafungua gesi.

Foleni ya githeri ilikuwa ndefu siku hiyo. Nabwire alichelewa kidogo. Alipozunguka pembe ya ukuta akitafuna bado, saa kubwa ya ukumbini ilisema saa saba na dakika ishirini. Alikuta mlango umezungushiwa utepe wa manjano na kibao chenye fuvu la kichwa. Pembeni, wanaume wawili walikuwa wameketi kwenye lori lao, barakoa zimening'inia vifuani, wakisikiliza redio.

Alichomeka kadi kwenye kijisanduku, na taa ikawaka nyekundu. Akachomeka tena. Nyekundu.

"Mama, toka hapo," mmoja wa wale wanaume alimpigia kelele. "Kuna sumu hapo."

Sasa hapa ndipo mtu anayesimulia hutamani kumshika Nabwire mabega na kumtikisa. Alichohitaji kusema ni neno moja, na mtu wa kuambiwa alikuwa hatua kumi mbele yake. Hakulisema. Alisema, "Haya, pole," akarudi nyuma.

Hakuwa mjinga, wala hakuwa na roho mbaya. Aliogopa tu, na woga ulimpa maneno matamu ya kujidanganya. Haiwezekani wafungue gesi bila kukagua. Lazima walimwona wakamtoa. Labda yuko chooni, ametulia anasubiri kuulizwa. Nikipayuka sasa, na yeye yuko chooni, tutafukuzwa kazi wawili bure. Akaenda chooni, akaita kwa sauti ya chini. Hakuna. Akaenda ukumbi wa kuchambulia, ambako mlango uliegemezwa tofali saa ya chakula na watu kupita bila kadi. Kiti cha Ruqiya kilikuwa kitupu, leso yake imefungwa mgongoni mwa kiti. Akaenda kwenye bomba la maji. Akaenda jikoni. Akarudi chooni mara ya pili, akasukuma milango yote mitatu, na alipoona sakafu tupu nyuma ya mlango wa tatu alijua kwamba alikuwa akijua tangu mwanzo.

Alikimbia mpaka getini. Saa ya ukumbini ilisema saa saba na nusu.

Mlinzi wa geti, Shiundu, alikuwa mtu wa kwao, waliitana kaka na dada. Alikuwa na skrini ndogo pale kibandani, inayoonyesha hesabu za milango.

"Kaka, Ruqiya yuko Ghala la Nne!"

"Ongea polepole, dada. Nani?"

"Ruqiya! Yuko ndani na gesi imefunguliwa!"

Shiundu aliinama kwenye skrini. "Hakuna mtu huko. Ona mwenyewe. Ghala ya nne, sifuri. Ruqiya yuko ukumbini, ona, mashine imesema."

"Mashine haijui!"

"Na kadi yake haifungui huko. Sasa aliingiaje, kwa dirisha?"

Hata hapo, na Mungu amsamehe, Nabwire aligeuka kwanza kuona kama kuna mwingine anayesikia.

"Nilimfungulia mimi," alisema.

Shiundu alimkodolea macho. "Nabwire, wewe! Umetumaliza!" Aliruka kutoka kibandani, akapuliza filimbi mpaka watu wakaacha sahani zao. Mtu alitumwa ofisini kwa Mativo, akakuta kompyuta imelala, na wa kuiamsha hayupo. Funguo za zamani za chuma zilikuwa zimekusanywa na kuuzwa kama vyuma chakavu mwezi Machi. Wapakiaji wakaleta mitaimbo miwili. Mkubwa wa wenye gesi alifunga bomba huku akilalama kwa sauti, "Tuliita! Tuliita mara mbili hapa! Na karatasi ya meneja ndiyo hii, imeandikwa sifuri!" Hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Mlango ulikuwa wa chuma, umezungushiwa mpira pembeni, na uliwachukua dakika nane.

Hawakuhitaji kumtafuta nyuma ya magunia. Alikuwa amelala hapo hapo mlangoni, kwa ndani, viatu vyake vimetupwa kando. Mwenye barakoa alimtoa mikononi. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika, na kijisanduku cha ndani kilikuwa na alama za damu. Alikuwa akipumua bado, pumzi fupi fupi, macho wazi bila kuona. Walimpakia nyuma ya pikapu ya kampuni. Nabwire alipanda naye, akamshika miguu iliyokuwa ikitetemeka, akamwita jina njia nzima. Kabla hawajafika hospitali miguu ilitulia.

Polisi walimchukua Nabwire kuandikisha maelezo, na maelezo yakawa marefu, akalala kituoni. Jumamosi mchana walipomwachilia, jambo la kwanza alilomwambia Opicho ni kwamba atakwenda kwenye matanga kila jioni mpaka siku ya mazishi. Kwao Samia maiti husubiri. Watu huchanga, hukesha, hutafuta gari, husafirisha, na wiki mbili hupita. Alikuwa amejipangia hivyo usiku kucha: angepata siku za kutosha za kukaa na mama yake Ruqiya, na mojawapo ya siku hizo angepata nguvu za kusema.

"Alizikwa asubuhi," Opicho alimwambia. "Waislamu hawalazi maiti, Mama Mitchelle. Hukujua?"

Alijua. Miaka yote aliyokaa karibu nao alijua, na bado ulimtoka akilini. Alikaa chini kwenye sakafu ya saruji na kulia kwa mara ya kwanza.

Jumatatu kampuni ilibandika karatasi kwenye geti. Ilisema kwamba mfanyakazi mmoja aliingia ghala asiloruhusiwa, kisirisiri, kwa nia isiyojulikana, na kwamba mitambo ya usalama ilifanya kazi ipasavyo. Nakala ilipelekwa Kiamaiko kwa familia. Shiundu alimnong'oneza Nabwire, aliyefika kurudisha kadi yake na kupewa barua ya kufukuzwa, kwamba hakuna aliyekumbuka kumtoa Ruqiya kwenye mashine. Kwa kuwa kadi yake haikuchomekwa kutoka ukumbini, skrini ilikuwa imemhesabu kazini Ijumaa usiku kucha, Jumamosi na Jumapili.

Opicho alimkataza kwenda Kiamaiko. "Hao ni wachinjaji, wewe," alisema. "Utawaambia nini? Nyamaza. Umeshafutwa kazi, imetosha." Kunyamaza ndiko kulikomfikisha Nabwire hapo.

Jumanne asubuhi alivaa gauni lake la kwaya, akajifunga leso kichwani na kwenda kwa miguu. Soko la mbuzi lilikuwa limechangamka, damu ikitiririka mitaroni, wanunuzi wakivuta masikio ya wanyama. Aliuliza nyumbani kwa akina Mursal, akaelekezwa nyumba ya mabati yenye mlango wa kijani. Kijana mrefu alisimama mlangoni, uso umevimba kwa kukosa usingizi.

"Unataka nani?"

"Nataka kumwona mama. Nilikuwa nikifanya kazi na Ruqiya."

Mursal akageuka ndani. "Mathe, kuna mama hapa wa job ya Ruqiya."

Batulo, mama yake Ruqiya, aliketi juu ya mkeka pamoja na wanawake wengine wawili. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyeshika tasbihi bila kuihesabu. Alimwonyesha Nabwire mahali pa kukaa, akamwambia mmoja wa wanawake amtilie mgeni chai. Nabwire alipokea kikombe akakiweka chini. Alijua kwamba akiinywa ile chai hatasema.

"Pole sana, mama," alianza. "Naitwa Nabwire. Kabla sijakunywa chai yako, kuna neno nimekuja kukwambia."

Na akasema. Alieleza kadi zilivyokuja, na sala, na jinsi Mativo alivyomjibu binti yake. Alisema ndiye aliyemfungulia mlango ule miezi minne, na ndiye aliyemfundisha kunyamaza akisikia mtu. Mursal alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameikunja. Nabwire aliposema kuhusu utepe wa manjano, mikono ilikunjuka.

"Nilifika pale saa saba na dakika ishirini," Nabwire alisema. "Wenye gesi walikuwa pale pale. Sikuwaambia. Niliogopa kazi yangu, mama. Nilizunguka nikimtafuta chooni na jikoni, na moyoni nilijua yuko ndani. Nilisema saa saba na nusu."

"Dakika kumi!" Mursal alipaza sauti. "Ulimwacha dakika kumi! Ati unamtafuta choo!" Alimsogelea, na wale wanawake wakainuka. Batulo alisema neno moja kwa lugha yao, si kwa nguvu, na kijana akasimama alipokuwa, akilia kama mtoto.

Nje mtu alikuwa akibishana bei ya beberu.

"Ungesema mara ile ile," Batulo aliuliza, "angepona?"

"Sijui, mama. Nimeuliza, hakuna anayejua."

"Wale wa kampuni waliandika aliingia kisiri. Mtu akisoma ataona mwizi."

"Hakuwa mwizi. Niko tayari kusema hivyo popote, kwa polisi, mahakamani. Polisi nimeshawaambia."

"Hilo sikuhitaji mtu wa kuniambia. Nilimzaa mimi." Batulo aliiweka tasbihi juu ya goti. "Lakini wewe nilikuwa nakujua. Jina sikulijua. Aliniambia, mama, kuna dada mmoja Mkristo kazini ananifungulia mlango nisali. Nikawa nakuombea. Kila Ijumaa. Namwambia Mungu, yule anayemfungulia mwanangu mlango, mfungulie na yeye."

Nabwire alijifunika uso kwa leso. Angepigwa angevumilia. Angetukanwa, angeshukuru. Hili hakuwa amelitegemea, na lilimwingia mahali ambapo hapajapona.

"Hata Ijumaa hiyo," Batulo alisema. "Saa saba hiyo hiyo."

Akatazama kile kikombe kilichopoa. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida, "Unakaa wapi?"

"Ziwani, mama. Nyumba ya kumi na saba, ukitoka bomba la maji."

"Mursal, umesikia? Ziwani, kumi na saba, bomba la maji." Kijana aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho. "Sasa wewe Nabwire, sikiliza. Leo siwezi. Nimejaribu tangu uanze kuongea, nimeona siwezi. Siku nitakayoweza kukusamehe nitamtuma huyu aje akwambie. Usije wewe kuuliza. Nenda nyumbani."

Nabwire aliinuka, akapita katikati ya mbuzi, akaenda.

Agosti mwaka huo Opicho alipata kazi ya kudumu Athi River, ya ulinzi, pamoja na chumba cha bure chenye stima. Ilikuwa bahati ya kuwatoa kwenye maji ya shingo. Alikuja nayo nyumbani akikimbia. Nabwire alimwambia aende, amchukue na Mitchelle akitaka, yeye hahami. Opicho alibembeleza, akafoka, akaleta mchungaji, akaleta shemeji kutoka Busia. Waliuliza kuna nini Ziwani kisichopatikana kwingine, naye aliwajibu kwamba Mursal hajui nyumba nyingine. Mwishowe Opicho alifunga mizigo, akaenda na mtoto, na sasa huja mwisho wa mwezi.

Nabwire huuza mandazi mlangoni pa nyumba ya kumi na saba. Hukaa nje kuanzia alfajiri ili mtu akija asihitaji kubisha. Jumapili akienda kanisani humwachia jirani maagizo: akija kijana mrefu wa Kiamaiko, asiachwe aondoke, apewe kiti, aitwe yeye hata katikati ya mahubiri. Mwaka wa pili umekatika sasa, na Mursal hajaja.